Mukojo Haukuwa Wangu

Wamama wenzangu, mumenipa nafasi nisimame, basi muniache niseme yote, hata yale ya kuona haya. Nikilia mungoje kidogo, nitaendelea. Sitataja jina la muntu. Mwenye atajijua ajijue, na wa kwanza kujijua ni minye.

Wengi wenu munaniona kule chini, pwani, pahali tunaanika ndagala, wale samaki wadogo. Ile mimba ilikuwa ya tatu. Ilipofika miezi saba, miguu ikavimba, viatu vikakataa, uso ukajaa. Wenzangu wakashangilia! "Bwana yako anakulisha vizuri." "Hao ni mapacha." Mamukwe wangu ndiye alifurahi kupita wote, ananishika mashavu mbele ya watu. Na minye, nisiwafiche, kichwa nacho kikavimba. Nilitembea Rugenge nzima kama muke wa mwami, muke wa chifu.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi akanipima mukononi, akapima tena. "Mama, tansio ya damu iko juu. Kesho lete mukojo wa asubuhi mu hii kachupa. Tukiukuta mubaya, utalazwa hopitali."

Kulazwa! Ndugu zangu, munajua mambo ya ndagala. Mwezi ukiwa giza ndipo mitumbwi inajaa. Mwezi ukirudi, unakaa mikono mitupu. Na ile ilikuwa wiki ya giza. Nilale hopitali, nani ageuze samaki juani? Tena wale wa mapacha watasema nini, kwamba ule unene wote ni ugonjwa?

Basi nikamuita wifi yangu, dada mudogo wa bwana yangu, hana mimba, iko na afya yake. Nikamuambia, "Jaza hii." Akacheka, "Weye, uko na wazimu?" Lakini alijaza. Nikapeleka. Muuguzi akaandika kwenye karatasi yangu: mukojo safi. Nilitoka pale nikiimba, kweli niliimba.

Siku ya tisa toka nipeleke ile kachupa, niko nimeinama juu ya samaki, nikaona vitu vyeupe vinaruka mbele ya macho kama nzi. Kichwa kinapasuka. Chini ya mbavu, upande wa kuume, maumivu ya kukata pumzi. Bwana yangu na mamukwe wakanikimbiza kituoni. Kifaa cha kupima tansio kilikuwa kimeharibika siku hiyo. Muuguzi akafungua karatasi yangu, akasema, "Mukojo wako ulikuwa safi, labda ni malaria." Wakanitoboa kidole, wakanilaza kwenye benchi, tukangoja.

Sasa musikie ubaya wangu. Nilijua. Toka saa tatu ya asubuhi mupaka saa saba nililala pale nikijua. Mamukwe ananipepea na kitenge chake, na minye nimefunga mudomo, kwa sababu nikisema atajua nilimudanganya, minye pamoja na binti yake. Yoo, muntu anakufa kwa haya! Saa tatu mutoto alikuwa anacheza tumboni. Saa sita akacheza kidogo tu. Kisha akatulia.

Kule kutulia kukaniogopesha kuliko maumivu yangu. Malaria haikuonekana. Muuguzi akasema nirudi nyumbani nipumuzike. Nikamushika nguo.

"Mama, ule mukojo haukuwa wangu."

Mamukwe akaacha kupepea. Muuguzi hakunitukana. Alitoka mbio kuita pikipiki.

Hopitali wakatoa damu yangu wakaipima. Nawaambia, mukojo niliweza kuazima kwa muntu, damu ilijisemea yenyewe. Dokta akatuelezea polepole: zile chembe za kuzuia damu isivuje zimeshuka sana, na ini limeanza kuumia. "Ugonjwa umefika mbali. Mutoto lazima atoke leo. Lakini nikimupasua huyu mama bila damu ya kumuongezea, atavuja mupaka mwisho."

Wifi yangu akatoa damu, huku analia. Wamama wawili wa hapa hapa walitoa, munaniangalia, sitawataja. Nikapasuliwa. Alikuwa binti. Hakulia. Dokta aliniambia kama ningefika asubuhi, pengine. Hilo neno pengine ninalala nalo kila siku. Walimuzika minye niko bado kitandani, sijui hata alifanana na nani.

Siku nyingi mamukwe alikuwa anaweka uji pembeni yangu na kutoka. Halafu siku moja ananivalisha, akasema, "Ungeniambia tu. Ndagala ningegeuza minye." Tukalia sote wawili mupaka wagonjwa wengine wakatunyamazisha.

Namushukuru Mungu mwenye aliniacha. Nawashukuru wenye damu yao inatembea mu mwili wangu, na yule muuguzi mwenye alikimbia badala ya kunihukumu. Wamama, kuvimba si baraka ya kupigia vigelegele. Muntu akivimba uso, musimusifu, mupelekeni apimwe, mukojo na damu. Na akiona haya kusema, mumukalie mupaka aseme.

Weye dada mwenye umekaa karibu na dirisha, samahani, siwezi kunyamaza mara ya pili. Nimeangalia miguu yako toka tulipoanza kuomba. Kesho asubuhi nakuja kwako, tunaenda kituoni sisi wawili. Na nitasimama mulangoni pa choo mupaka ujaze mwenyewe.