Fundi Kuwabara na Kibao cha Muuza Tofu

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya lenzi ya Minowa, hapa Okaya, Fundi Setsuko Kuwabara anastaafu. Safari hii ni kweli. Mara mbili tumempa maua, na mara mbili amerudi Jumatatu na kifuko chake cha chakula, kwa sababu hakuna aliyeiweza kazi yake.

Alianza kwa kusafisha kuvu kwenye vioo. Kamera za kidijitali zilipoingia, tulidhani lenzi za zamani, za kuzungusha kwa mkono mpaka picha iwe wazi, zimekufa, nasi tunazifuata. Yeye alisema tungoje. Zikaja pete za kuunganishia, na watu wakaanza kufukua lenzi za wazazi wao makabatini na kuzifunga kwenye kamera mpya. Tangu hapo hatujapumua.

Sheria yake ni moja: lenzi haitoki hapa mpaka ipige picha kibao cha muuza tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, ng'ambo ya barabara, na herufi zake ndogo kabisa zisomeke. Muuza tofu alipotaka kukipaka rangi upya, Mama Kuwabara alivuka na aproni yake kwenda kumsihi. Mpaka leo kibao kimechujuka vilevile.

Aliyemchelewesha kustaafu ni mimi, Momose. Hesi za lenzi hizi, ile mikato ya kuzungushia kama ya kifuniko cha chupa, zina milango mingi ya kuingilia. Usipotia alama pale zinapoachana, utazirudisha mlango usio wake, na lenzi itazunguka vizuri lakini cha mbali haitakiona sawasawa. Mimi husahau alama.

Februari, Bi Hirabayashi alileta lenzi ya marehemu mumewe. Alitaka kumpiga nayo picha mjukuu wake siku ya kuanza shule. Nikaifungua, na alama nikaisahau.

"Momose, hiyo ni lenzi, si chupa ya achari!"

"Nisaidie basi, Mama."

"Kwa mikono ipi? Yangu imeshastaafu."

Akaikalia mikono yake kweli, chai ikapoa mbele yake. Nilijaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Wa saba, herufi zikasomeka. Mama Kuwabara alishusha pumzi hata karatasi za mezani zikasogea.

"Haya. Sasa naweza kwenda nyumbani."

Sioni haya kusema kwamba nililia kwa faraja.

Kwa ruhusa ya Bi Hirabayashi, kesho yake tulimsimamisha Mama chini ya kibao chake. Nikaizungusha lenzi ile taratibu. Picha ndiyo hiyo iliyo juu ya ukurasa huu: safari hii herufi za kibao zimefifia, lakini macho yake yanaonekana mpaka kope, yanacheka.

Asante, Mama Kuwabara. Tunakuombea mapumziko marefu na afya njema. Na Jumatatu tukikuona mtaa huu, iwe umekuja kununua tofu tu.