Kwa Mwenye Koti la Kijivu

Mgeni rasmi, Bwana Njogu Kiama. Mwalimu Mkuu, Bwana Githongo. Walimu, wazazi, wanafunzi wenzetu, na wale ng'ombe wa jirani walioingia uwanjani bila mwaliko, ambao tumeona ni adabu kuwatambua: hamjambo.

MAKARIBISHO

Sisi, wanachama wa Klabu ya Kumbukumbu na Haki, tuna furaha kukuona. Kuna waliokutafuta kwa miaka mitatu wasikuone, kwa hivyo furaha hii si ya kawaida. Mwalimu Mkuu ametuomba tusirefushe maneno kwa sababu mbuzi ameiva. Tutajitahidi mbuzi asipoe.

HISTORIA

Klabu hii ilianzishwa na Madam Venansia, mwalimu wetu wa Kifaransa, yule aliyeketi safu ya nyuma kwa gauni la kijani. Wengi wetu tulijiunga kwa sababu Skauti walikuwa wamejaa. Tulimjua tu kama mwalimu anayetoa vitunguu kwenye chakula kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, kama watoro waliokamatwa uani. Tulidhani ni mambo ya Kifaransa.

Aprili moja akatueleza. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mwaka wa 1994, mumewe Kalisa, wanawe wawili na mama yake waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na nyumbani kwao. Yeye alikuwa amejificha ndani ya shamba la mtama, karibu kiasi cha kusikia. Aliyekuwa akiamua nani apite na nani asipite alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lao.

Baadaye Madam alihamia Kenya, akapata nyumba mtaa wa Noonkopir na kazi hapa shuleni. Miaka mitatu iliyopita alifuatana na jirani yake, Mama Wacuka, kwenda Kimana kununua vitunguu vya jumla. Mkulima mmoja pale sokoni aligonga gunia mara mbili kwa kifundo cha kidole kabla ya kutaja bei. Hivyo ndivyo yule kiongozi alivyokuwa akigonga kinanda kabla ya kwaya kuanza. Madam akainua macho.

"Mama, unachukua gunia ngapi?" mtu yule akamwuliza.

Madam alimtambua, ni yule yule wa kizuizini. Mama Wacuka akamshika mkono, akamwambia, "Twende, jua ni kali," ingawa siku hiyo hapakuwa na jua.

Jina la mkulima huyo hatutalitaja. Madam ametukataza. Anasema kwao mambo yalianza hivyo hivyo, kwa watu kutajwa mbele ya umati. Anataka atajwe kortini, akiwa na wakili wake na glasi yake ya maji, apate kujibu.

MAFANIKIO

Tumefaulu kunyamaza gwarideni dakika nzima kila Aprili. Walimu wa zamu wanaweza kushuhudia kwamba wao hawajawahi kupata hata nusu yake.

Pia tulisafiri na Madam hadi Kajiado mjini, kwenye ofisi yako, Mgeni rasmi, inayoandika maelezo ya mashahidi. Madam alipiga pasi gauni hili hili la kijani, kama anavyofanya kila anapokwenda huko. Tulipofika tulipokelewa vizuri na karani wako, Bi. Phylis.

"Mkubwa yuko," alisema. "Ametoka tu kidogo. Si mnaona koti?"

Tuliliona. Lilikuwa la kijivu, limetundikwa kwenye mgongo wa kiti, na kifungo cha katikati kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Tukangoja. Chai ikaja, ikanywewa na watu wengine, vikombe vikaondoka. Koti halikusogea.

Katibu wetu, Munyiva, ambaye ndiye anayewasomea risala hii, akasimama mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, koti," akasema. "Sisi ni wanafunzi kutoka Kitengela."

"Wewe msichana, koti ya mkubwa haichezewi," Bi. Phylis akasema.

"Sichezi, dada. Hili ndilo liko kazini."

Bi. Phylis akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Tulimtazama Madam, tukidhani atatukemea kwa Kifaransa. Naye alikuwa anacheka, huku akifuta macho kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi, twendeni. Nyinyi mna mtihani wa hesabu kesho." Njiani aliegemea dirisha la matatu, mkoba mapajani, na tulipofika Isinya tukaona ameukumbatia.

CHANGAMOTO

Sehemu hii ilifupishwa na Mwalimu Mkuu. Tumeirefusha tena kidogo.

Madam anastaafu mwisho wa muhula huu na atahamia kwa dada yake, Kigali. Shemeji yake, shahidi wa pekee mwingine aliyekuwa karibu na kizuizi kile, alifariki mwaka jana, na hakuna aliyeandika maelezo yake. Yule wa Kimana ameanza kuuza pampu zake za maji. Anayeuza pampu, Mgeni rasmi, hapandi tena hapo.

Tulikuandikia barua tukiomba kukuona. Haikujibiwa. Ndipo mwenyekiti wetu, Makau, akashauri tukualike Siku ya Vilabu, na chini ya mwaliko tuandike "kutakuwa na mbuzi choma". Ulithibitisha kabla ya chakula cha mchana. Hatulaumu. Tunaishi bwenini, tunaelewa nguvu ya nyama.

MAOMBI

Ni desturi ya shule hii kwamba mgeni rasmi huombwa jambo moja, na Mwalimu Mkuu hawezi kulikataa mbele ya wazazi. Tangu shule ijengwe, jambo hilo limekuwa siku moja ya ziada kwenye likizo ya katikati ya muhula. Jana usiku tulipiga kura bwenini. Kulikuwa na matusi, na Makau alirushiwa ndala. Lakini iliamuliwa: mwaka huu siku hiyo tumeiacha. Wenzetu, mtatuzomea baadaye.

Badala yake tunaomba hivi. Kabla ya mbuzi, ingia darasa la Kifaransa, nyuma ya mlingoti wa bendera, uandike maelezo ya Madam Venansia hadi neno la mwisho. Yeye hakujua kwamba tungeomba hili. Mkigeuka mtaona ameanza kusimama.

Karatasi zipo. Kalamu zipo. Koti lako tulilitambua ulipopita getini, na tulifurahi kuona safari hii lina mtu ndani. Kiti chako tumekitoa maabara ya kemia. Ni stuli, Mgeni rasmi. Haina mgongo.

Mungu akupe mkono usiochoka kuandika, awapumzishe Kalisa na wote waliouawa pamoja naye, na amrudishie Madam hamu ya vitunguu.

Ni sisi,
Klabu ya Kumbukumbu na Haki, Kitengela.