Bendera Niliyoianua Nansio

Sogeeni, wanangu, Luhende upande huu na Obedi upande huu, maana tangu Pasaka hamsalimiani kwa sababu ya kitambaa mlichokikuta sandukuni mwangu, na mimi sitaki kuondoka duniani nikiwaacha hivyo. Nisikilizeni mpaka mwisho, pumzi yangu imekuwa fupi.

Ile ni bendera ya Tanganyika. Niliishona mimi kule kisiwani, Nansio, mwaka sitini na moja, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, ili ipepee shuleni kwetu siku ya Uhuru: kijani juu na chini, mstari mweusi katikati, na kando ya ule mweusi vistari viwili vya dhahabu alivyovishona marehemu bibi yenu kwa mkono, macho yake yakiwa yameanza kufifia. Ilipepea miaka miwili na nusu. Kisha tukaungana na Zanzibar, ikaja bendera mpya yenye buluu, na karani wa serikali akaamuru ile ya zamani ifuliwe, ikunjwe, irudishwe bomani. Machibya, tarishi wa shule, akaifua, akaianika. Bibi yenu alikuwa na majuma matatu kaburini. Nikapita pale, nikaiona mishono yake kambani, nikaianua, nikaificha ndani ya kanga.

Machibya akaulizwa bendera iko wapi, akaitafuta asiione. Wakasema anaupinga Muungano. Aliwekwa mahabusu siku tisa, akafukuzwa kazi, akahamia Kisesa kuchunga ng'ombe wa watu. Nami nilijua, nikanyamaza, nikaolewa, nikawazaa ninyi, nikanyamaza miaka sitini.

Sasa wewe Luhende unataka kuipeleka kwenye mikutano ya wanaodai Tanganyika yao, na wewe Obedi unataka kuichoma usije ukaitwa polisi. Bishaneni mtakavyo habari za serikali mbili au tatu, nchi ni yenu. Lakini mimi sikuichukua ili niupinge Muungano. Mjukuu wangu Precious ameolewa Pemba, na watoto wake nawapenda. Nilikuwa namtaka mama yangu, basi, na aliyeadhibiwa ni mtu mwingine.

Juma lililopita, nilipowaambia nakwenda kliniki, nilikwenda Kisesa. Machibya yu hai, ila haoni. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka. Ni Sabina, binti wa fundi cherehani. Bendera niliichukua mimi." Nikamwekea bendera mapajani. Halafu akauliza, "Kwa hiyo upepo haukuitupa ziwani?" Miaka yote hiyo alikuwa akijilaumu kwamba hakuibana vizuri kambani. Akaipapasa, akacheka kama kijana, akasema, "Basi niliibana vizuri." Wanangu, kitu kizito kilinitoka kifuani pale pale. Lakini binti yake, Rose, hakucheka. Alisema tu, "Mama, sisi hatukusoma." Shule ya kumrudishia sina, nina shamba.

Kwa hiyo sikieni. Nyumba hii ya Igoma ni yenu wawili, sawasawa. Shamba la Nansio, lile la michungwa, ni la Rose. Wosia umeandikwa, mashahidi wapo, nimeweka dole gumba. Asisumbuliwe na mtu yeyote wa ukoo huu. Na bendera msiitafute. Nimeiacha kwa Machibya, anailalia. Hamna tena cha kugombania.

Obedi, ninyanyue kidogo... hapo. Asante, baba. Jumamosi pandeni meli pamoja, mkamwonyeshe Rose mipaka, na mmwambie mchungwa wa kona ni mchachu lakini unazaa sana. Mungu awape usingizi kama ninaoupata mimi tangu nitoke Kisesa. Awape... awape ujasiri wa kusema mapema, kabla ya uzee. Luhende, mkono wako uko wapi? Mpe ndugu yako. Siyo mimi... yeye.

Ehe. Hivyo hivyo.