Maazimio ya Kikundi Kuhusu Wimbo wa Leonidas

OPERETA: Dar es Salaam, pokea simu kutoka Kilimatinde. Mna dakika tatu. Ongeeni.

LEONIDAS: Haloo? Naongea na nani huko?

YUNISI: Shikamoo kaka.

LEONIDAS: Marahaba. Yunisi? Kuna nini? Nani amefariki?

YUNISI: Hajafa mtu. Nyie wa Dar simu ikilia mnawaza msiba tu.

LEONIDAS: Simu ya Kilimatinde, saa nne asubuhi, niwaze harusi? Mama hajambo?

YUNISI: Hajambo, yuko shambani anapalilia. Mimi niko ofisini kwa misheni, karani kanipa simu na kunionya nisiizoee. Kaka, tumekusikia redioni.

LEONIDAS: Ule wimbo.

YUNISI: Huo huo. Gitaa linakoroma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi.

LEONIDAS: Ndiyo roki hiyo, mdogo wangu. Ndio mtindo wa siku hizi.

YUNISI: Bibi Theodora alivuta kigoda chake nyuma. Alisema redio inaungua.

LEONIDAS: [anacheka] Na maneno je? Mliyasikia?

YUNISI: Yote. Ndiyo sababu nimepiga. "Kila juma nilitunga saba, leo sina hata moja. Vidole vyangu wageni kwenye nyuzi. Niambieni niende wapi." Si ndivyo?

LEONIDAS: Ndivyo.

YUNISI: Basi tumekujibu.

LEONIDAS: Mmenijibu? Nani kanijibu na—

YUNISI: Kikundi. Kila Jumanne tunakaa kusikiliza somo la redio, lile la maji na vyoo. Likiisha tunajadili, tunaazimia, katibu anaandika. Sasa siku hiyo somo limekwisha, hata vitabu hatujafungua, wewe huyo unaingia na mashine yako. Mzee Zefania—

LEONIDAS: Mwenyekiti wa kijiji?

YUNISI: Wa kijiji na wa kikundi, siku hizi vyote vyake. Akazima redio, akasema, "Ndugu, tatizo mmelisikia. Tulijadili."

LEONIDAS: Yunisi, ule ni wimbo.

YUNISI: Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniuliza, aliyeimba ni Leonidas wetu au si yeye? Nikasema ni yeye. Amesema ameishiwa au hakusema? Nikasema amesema. Ameuliza aende wapi? Ameuliza. "Sasa mtu wetu anauliza swali nchi nzima inasikia, sisi wa kwao tunyamaze, tutaonekana watu gani?"

[mkwaruzo mrefu]

LEONIDAS: Haloo? Haloo?

YUNISI: Nipo. Ni hii laini. Nafikiri kunguru wamekaa kwenye waya.

LEONIDAS: Endelea. Mkaazimia nini?

YUNISI: Kwanza, umepewa ekari mbili za uwele kwenye shamba la kijiji la bega kwa bega, kati ya kipande cha mama na cha jirani Andrea. Pili, palizi unaanza Jumatatu. Umechelewa siku kumi, lakini wamekusamehe kwa sababu ya umbali. Halafu kuna choo—

LEONIDAS: Choo cha nini tena?

YUNISI: Chako. Utachimba mwenyewe, futi kumi na mbili. Hilo lilikuwa azimio la kila kaya, huwezi kulikwepa kwa sababu unapiga gitaa.

LEONIDAS: [anacheka mpaka anakohoa] Jamani.

YUNISI: Na kuna mjumbe aliuliza kama utapalilia umevaa suruali ya pekosi na viatu vya raizoni. Katibu akaandika, "Hoja imeahirishwa."

LEONIDAS: Mjumbe gani huyo asiye na adabu?

YUNISI: Mimi.

OPERETA: Dakika tatu. Niongeze, Kilimatinde?

YUNISI: Ongeza tatu, dada. Karani ametoka kidogo.

LEONIDAS: Sikiliza, waambie nimeshukuru. Lakini waeleweshe, huku mtu anaweza kuimba kilio na tumbo limeshiba. Wimbo unapendwa, barua zinakuja kila siku. Mambo shega kabisa.

YUNISI: Nitawaambia mambo shega.

LEONIDAS: Eeh. Shega.

YUNISI: Na mpya unatoka lini?

LEONIDAS: Hizo ekari mbili. Ziko upande wa mbugani, au kule kwenye mchanga?

YUNISI: Mbugani. Kaka, nilikuwa natania mimi.

LEONIDAS: Kwa hiyo azimio halipo?

YUNISI: Azimio lipo, na jina lako liko kwenye daftari. Utani ni wangu.

LEONIDAS: Mbugani kuzuri. Udongo unashika maji.

YUNISI: Leonidas.

LEONIDAS: Mh.

YUNISI: Mbona unaulizia udongo?

LEONIDAS: Miezi minane, Yunisi. Nakaa na gitaa asubuhi mpaka chakula cha mchana, nasimama mikono mitupu. Jumamosi bendi inaingia kurekodi. Filipo, kiongozi wetu, kasema nisipokuja na wimbo mpya nikabidhi gitaa, maana ni mali ya bendi. Simlaumu. Kasubiri sana.

YUNISI: Na ule wa redioni?

LEONIDAS: Ule sikuutunga. Nilisema tu hali yangu, nikidhani wenzangu watanionea huruma, wao wakachukua vyombo wakapiga. Sasa watu wananipa mkono, wananiambia nimemwigiza vizuri sana mtu aliyeishiwa. Wanaucheza, Yunisi.

YUNISI: Kumbe Mzee Zefania alielewa.

LEONIDAS: Alielewa peke yake, nchi nzima.

YUNISI: Pole kaka. Na mimi nimepiga simu kukucheka.

LEONIDAS: Usijali, nimecheka kweli. Sikuwa nimecheka siku nyingi. Haya, Jumatatu mnaingia shambani saa ngapi?

YUNISI: Saa kumi na mbili. Lakini ngoja kwanza, sijakuambia ya wanawake.

LEONIDAS: Na wao wana maazimio yao?

YUNISI: Hao hawana katibu. Wao wanaimba. Wameuchukua wimbo wako kwenye palizi, wameutoa ule mkoromo, wanaupiga kwa majembe. Na umerefuka. Kila anayemaliza tuta lake anaongeza neno lake.

LEONIDAS: Wanaongeza nini?

YUNISI: Utanuna.

LEONIDAS: Sema bwana, dakika zinakwenda.

YUNISI: [anaimba kwa sauti ya chini] "Nyimbo saba zimetoroka Dar, zimepanda treni bila tiketi, zimeshuka Manyoni usingizini, mama yake kazifungia na kuku."

LEONIDAS: [anacheka] Bila tiketi. Nani huyo?

YUNISI: Magdalena, mke wa balozi wa nyumba kumi. Ana mengine siwezi kuyaimba hapa ofisini kwa misheni. Lakini la mwisho ni la mama.

LEONIDAS: Mama yupi?

YUNISI: Mama yetu.

LEONIDAS: Mama haimbi. Kanisani anafungua mdomo tu.

YUNISI: Juzi aliimba. Tulisimamisha majembe wote, yeye hata kichwa hakuinua. Alikuwa anapalilia zile ekari zako, kaka. Hataki zipitwe na palizi, na hataki mtu amsaidie.

LEONIDAS: Aliimba nini?

OPERETA: Dakika—

YUNISI: Subiri dada, kidogo tu. Aliimba hivi: "Uliimba hujaota meno, mwanangu, nani alikufundisha? Imba basi hata yakishang'oka."

[mkwaruzo]

YUNISI: Haloo? Kaka, umekatika?

LEONIDAS: Nipo.

YUNISI: Unalia?

LEONIDAS: Nyamaza wewe. Hapo kwenye "nani alikufundisha", sauti aliipandisha au aliishusha?

YUNISI: Aliishusha. Aliishusha, halafu akaiacha hapo chini, kama mtu anayesubiri ajibiwe.

LEONIDAS: Akaiacha chini. Halafu "imba basi" ikaanzia hapo hapo?

YUNISI: Hapo hapo. Nimwambie nini mama? Unakuja Jumatatu au huji?

LEONIDAS: Mwambie— ngoja, usiondoke. [anawaita wenzake] Nyie hapo! Nani ana kalamu? Kalamu, bwana. Hata karatasi ya sigara, lete. Yunisi, rudia tangu mwanzo.

OPERETA: Kilimatinde, muda umekwisha. Nina watu wanasubiri laini hii.

YUNISI: Dada, nakuomba usikate. Kaka yangu anaandika.

OPERETA: Sheria ni dakika sita, ndugu.

YUNISI: Najua. Miezi minane alikuwa haandiki.

[laini inakwaruza]

OPERETA: Haya, anza tena pale kwenye meno. Polepole. Hata mimi sijaushika vizuri.