Kimondo Aliyefunga Watoto Kamba za Viatu

Wasikilizaji wapendwa, kama umesimama, tafuta pa kukaa. Leo sina salamu ndefu. Mwenzenu tangu nisimuliwe habari hii, hata chakula hakipiti.

Tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Kazini walimwita Bi Sindano, kwa sababu hakuna siku ukosi wa gauni lake ulikosa sindano yenye uzi. Bi Sindano amefariki. Amefariki mchana kweupe, katikati ya duka, mbele ya watu waliojaa pomoni, na watu hao walikuwa wanampigia makofi. Narudia, maana hata mimi niliomba nirudiwe: walikuwa wanampigia makofi.

Subirini niwaeleze.

Kimondo mnamjua. Msijifanye hammjui. Yule shujaa wa filamu, mwenye kofia ya fedha na kifua cha rangi ya chungwa, anayeshuka kutoka angani akiwaka moto. Nani nyumbani kwake hana Kimondo? Yuko kwenye begi la shule, yuko kwenye chupa ya maji, yuko kwenye shuka, kwenye ndala, mpaka kwenye mswaki. Kuna baba alinipigia simu hapa studio akilalamika kwamba mwanawe hali mpaka awekewe sahani ya Kimondo. Siku ilipopasuka hiyo sahani, nyumba haikukalika.

Sasa lile duka la Bi Sindano liliuza vitu hivyo vyote. Na kila Jumamosi Kimondo mwenyewe alishuka ngazi kuwasalimia watoto. Namaanisha mtu ndani ya suti: misuli ya sifongo, kofia inayofunika kichwa chote, zipu mgongoni hadi kisogoni, na vitundu viwili vya kuchungulia. Joto la mle ndani halisemeki. Vijana waliajiriwa wakakimbia. Mmoja alivua akasema bora akabebe saruji.

Kazi ya Bi Sindano ilikuwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu, kwenye chumba kidogo nyuma ya nguo za watoto. Suti ya Kimondo ikichanika, anashona yeye. Basi Jumamosi moja kijana wa suti hakutokea. Watoto wamepanga foleni, wengine wameshaanza kulia, meneja kashika kichwa. Bi Sindano akaitazama ile suti mapajani mwake. Akasema, "Hii nimeishona mimi, inanijua. Nipisheni." Akaingia.

Bibi mwenye mjukuu, jamani! Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini alipotoka nje, kicheko kikawaishia. Kwa sababu Kimondo huyu alifanya jambo ambalo yule wa kwenye filamu hajawahi kulifanya. Alipiga magoti. Mtoto kamba ya kiatu imefunguka, Kimondo anainama, anamfunga. Kifungo kimeachia, anafunga. Watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya mama zao wakaanza kumrukia shingoni. Tangu siku ile meneja hakutafuta mtu mwingine.

Nyumbani hakusema. Bi Sindano alikuwa na presha, na aliishi na binti yake, ambaye ni msusi, pamoja na mjukuu wake wa kike anayesoma chekechea. Huyo binti kwa presha ya mama yake alikuwa hana mchezo.

"Nilikuwa namuuliza kila jioni, mama, leo umechoka?" msusi aliniambia tulipokaa sebuleni kwake. "Ananijibu, 'Nichoke na nini, mwanangu? Nimeshinda kwenye kiti.' Angeniambia ukweli ningemfungia ndani. Alijua hilo. Na mimi mwenyewe hilo jina la Kimondo nikilisikia natamani kuziba masikio. Kumbe niko naye meza moja."

Lakini mjukuu alijua.

Siku moja jirani alimpeleka dukani pamoja na wanawe. Zamu yake ilipofika, Kimondo akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu. Sasa, Bi Sindano alikuwa na namna yake ya kufunga. Anazungusha kamba mara mbili, kisha ncha anazichomeka ndani ya kiatu zisionekane. Mtoto akakitazama kiatu. Akaitazama kofia. Akanong'ona, "Bibi?"

Kimondo akaweka kidole pale ambapo mdomo ungekuwepo. Na kile kitoto kikaitunza siri. Mama mtu hakuambiwa, mwalimu hakuambiwa. Wewe na mimi tungeweza?

Ikaja Jumamosi ya filamu mpya ya Kimondo. Duka limefurika, hakuna pa kuweka mguu. Mjukuu kamlilia mama yake wiki nzima, na msusi akafunga saluni, akampeleka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona Kimondo wa pale.

Kuna mchezo wao. Kimondo anapigana na adui yake, Giza. Giza ni jamaa wa stoo, baba mtu mzima, kajifunika shuka jeusi. Giza akimpiga, Kimondo anaanguka chali na kulala kimya. Watoto wanapiga kelele, "Waka, Kimondo, waka!" Yeye anachelewa makusudi, kelele zizidi, na utamu ndio huo. Halafu anainuka, duka zima linalipuka.

Siku ile Kimondo alianguka kabla Giza hajamgusa.

Wasikilizaji wapendwa, watu walishangilia. Walidhani ni mtindo mpya. "Waka, Kimondo, waka!" Simu juu, makofi, vigelegele.

Nilimuuliza yule jamaa wa stoo, ndugu yangu, kwa nini hukumvua kofia?

"Ni yeye aliyetukataza," akasema. "Alituapisha. 'Msinivue kichwa mbele ya watoto, hata iweje. Mtoto akishaona Kimondo kichwa kimetoka, mtamponya na nini?' Mimi nilisimama pale na shuka langu, nikajisemea, leo Bi Sindano kaongeza manjonjo."

Na msusi? Msusi alikuwa mstari wa mbele. Yeye aliyemchukia Kimondo, siku ile raha ilimchukua. Mkono mmoja simu inarekodi, mkono mwingine kamshika mwanawe, na sauti yake ilikuwa juu kuliko ya watoto.

Mtoto akamvuta. "Mama, yule ni Bibi."

"Nyamaza bwana, utaniharibia picha."

Akamvuta tena. "Mama, ni Bibi. Bibi ameanguka kweli."

"Hebu acha! Wenzako wanafurahi."

Mtoto akauchomoa mkono. Akapita, akapiga magoti, akaishika ile kofia kwa mikono yote miwili, akaivuta. Haikutoka, zipu ilikuwa imefungwa. Na watu, Mungu wangu, watu walicheka. Mmoja akasema, "Oneni, kanakwenda kumsaidia!"

Ndipo mtoto akapiga ukunga. Giza alitupa shuka. Akamgeuza Kimondo, akaipasua ile zipu kwa mikono yake, kofia ikatoka.

Kwanza zilionekana nywele. Mvi zilizosukwa mistari midogo, imelala vizuri. Msusi alikuwa ameisuka yeye, Alhamisi, jikoni kwao, mama yake kakaa kwenye kigoda.

"Niliijua kazi yangu kabla sijaiona sura," aliniambia. "Simu ilianguka. Ilianguka inarekodi."

Daktari alisema ni moyo. Kama angeinuliwa mapema ingekuwaje, hakusema, na msusi hakuthubutu kuuliza.

Mimi nimetangaza miaka mingi, na bado sijui niliweke wapi jambo hili. Nalishangaa na nitalishangaa. Picha za wengine waliorekodi zilizunguka kwenye simu zetu siku ile ile, zimewekewa vicheko, watu wakitumiana. Huenda na wewe ulipata moja, ukacheka. Kabla hata msiba haujaisha, duka lilikuwa limeletewa suti mpya. Sisemi mengi. Nasema tu kwamba ile ya zamani imebaki na zipu iliyopasuka, kwa sababu aliyekuwa akiishona hayupo.

Ile picha ya msusi hajaifuta. Amenisikilizisha. Makofi yamejaa, "Waka, waka!" imejaa, na chini yake, ukitega sikio, unakisikia kisauti kikisema, "Mama, ni Bibi." Kinasikika vizuri kabisa. Familia imeniomba nisiipige hewani, na sitaipiga.

Dada yetu msusi, pole. Pole sana, na usijimalize, hukuwa peke yako mle ndani. Mjukuu mpenzi, pole, mama. Wewe ulisema. Jamaa wa stoo, na wenzake wote dukani, poleni. Bi Sindano, pumzika.

Na wewe msikilizaji wangu, huna haja ya kumchukia Kimondo, watoto wana haki ya furaha yao. Nakuomba kitu kimoja tu. Kama hapo ulipo kuna mtoto anakuvuta nguo tangu nianze kuzungumza, na wewe unamwambia anyamaze usikilize redio, nizime mimi. Nizime sasa hivi. Inama, umsikilize.