Mama Opereta na Laini Zisizoombwa

Tarehe 30 Juni 2011 Bi. Ritha Zefania Kitundu anastaafu, baada ya kukitumikia Chuo cha Ualimu Mapambazuko, hapa Issuna, kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Wanachuo wanamwita Mama Opereta. Wengi wao hawajawahi kuona swichibodi ya simu, na wapo wanaodhani Opereta ni jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Hana, ni muuguzi, na amechoka kuulizwa.

Bi. Ritha alizaliwa Iramba mwaka 1951. Alijifunza kazi ya simu Itigi, akaajiriwa hapa chuoni Machi 1979 kukaa kwenye swichibodi yenye laini mbili za nje na ishirini za ndani. Kila simu iliyoingia au kutoka ilipita mikononi mwake. Aliandika kwenye kaunta buku, daftari lake kubwa: saa, namba iliyoombwa na jina la mwombaji. Maneno yaliyosemwa hakuyaandika, wala hakuyarudia popote.

Mwaka 1986 simu ya msiba wa mzazi wa mkufunzi mmoja ilipita kwake saa nne asubuhi. Mkuu wa Chuo wa wakati ule akaomba habari isitolewe mpaka gari la kumpeleka mfiwa lipatikane. Mkufunzi yule alipita dirishani kwake mara mbili akamtania kama kawaida, naye akamrudishia utani kama kawaida. Mkufunzi alipokwisha kuambiwa, saa nane mchana, Bi. Ritha alitoka, akaenda nyuma ya stoo akalia, kisha akarudi kuwaunganishia ndugu simu zao. Kuhusu posa mbili zilizopita kwenye laini hizo katika mwezi mmoja, zote za mkufunzi mmoja wa kike, hajasema mpaka leo ni ipi iliyojibiwa kwanza. Wapo wanaomshukuru kwa hilo.

Halafu biashara ikaachiwa huru na kila kitu kikaanza kwenda mbio. Mnara wa simu za mkononi ulisimama kilimani mwaka 2002, na kufikia mwaka uliofuata hata mlinzi wetu alikuwa na simu mfukoni. Swichibodi ikanyamaza. Kwa miezi mitatu Bi. Ritha alifika saa moja na nusu, akafuta vumbi, akakaa mbele ya mashine isiyolia. Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipoanza kuzungumzwa, alikwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Chuo wetu, Bi. Mwantum Kombo, akaomba ufunguo wa chumba cha kompyuta, ambacho kilikuwa na mashine kumi na mbili za mtumba na hakina mtu wa kukitunza. Aliambiwa hajui kompyuta. Akajibu kwamba anajua kukaa na watu wanaosubiri laini.

Mwaka 2005 tulifungiwa dishi la intaneti. Kila mwezi tulipewa mgao wa data, na ukiisha, umeisha mpaka mwezi unaofuata. Tulifurahi kwa majuma matatu hivi. Baada ya hapo kufungua ukurasa mmoja kukawa kazi ya dakika saba, hata kumi. Mwanachuo alibofya, akaenda kunywa maji, akarudi, akakuta nusu ya kichwa cha habari na picha ya gari inayowakawaka. Mgao wa mwezi ukawa unakwisha tarehe kumi na mbili. Tulilaumu upepo, tukalaumu dishi, tukawalaumu wanachuo kwa kuangalia picha za aibu. Mwishowe tukatafuta mtu.

Mtu huyo alikuwa Ashrafu Rahimu, mkufunzi kijana aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa Singida mjini, aliyekuwa bado kwenye muda wa majaribio. Alikaa chumbani humo kila alasiri akiandaa masomo. Ikasemwa anapakua filamu na nyimbo za kuuza dukani kwa kaka yake. Hakuna aliyeziona filamu hizo. Lakini jambo likishasemwa kwenye chumba cha chai mara tatu, la nne husemwa kama ushahidi.

Sasa lazima niache kidogo kumzungumzia Bi. Ritha, nijizungumzie mimi. Oktoba 2006, siku ya Jumatatu, Makamu Mkuu wa Chuo aliandika barua ya kupendekeza Ashrafu asithibitishwe kazini na chumba cha kompyuta kifungwe. Makamu huyo ni mimi ninayeandika wasifu huu. Niliiandika kwenye kompyuta ya chumba kilekile kwa sababu mashine ya ofisini kwangu ilikuwa mbovu. Printa ilikuwa mezani kwa Bi. Ritha. Karatasi ilipotoka aliishika, akaigeuza uso chini na kunipa bila kuitazama mara ya pili. Mara ya kwanza, bila shaka, alikwisha kuona jina.

“Mwalimu,” akaniambia, “naomba hiyo karatasi isiende kwa Mkuu mpaka Alhamisi.”

“Kwa nini Alhamisi?”

“Nataka kuhesabu kwanza.”

Sikumwelewa, lakini sikuweza kumkatalia mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuniomba kitu. Nikaitia barua kwenye droo.

Alichokuwa ameona ni hiki. Chini kabisa ya skrini, ukurasa unapofunguka, kuna ukanda mwembamba unaoandika majina ya mahali kompyuta inakoita. Majina hayo hupita upesi na wengi wetu hatuyatazami. Yeye alikuwa ametazama taa za laini maisha yake yote. Jumatatu hiyo alichukua kaunta buku jipya, akakaa pembeni ya kila aliyeingia, akaandika kama zamani: saa, ukurasa ulioombwa, na kila jina lililopita chini. Jumanne saa nne alimwita Ashrafu. Yaliyofuata amenisimulia Ashrafu mwenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapa usome. Mwanachuo kaomba ukurasa mmoja wa matokeo ya mitihani. Mbona mashine imeita sehemu kumi na nne?”

Ashrafu akapitia orodha kwa kidole. Tatu zilikuwa za ukurasa wenyewe. Sita ni matangazo ya biashara: magari, mikopo, bahati nasibu, picha zinazocheza ambazo ni nzito kuliko maandishi yote ya ukurasa. Zilibaki tano.

“Na hawa?”

“Hawa hawaleti kitu, mama. Wanaangalia tu nani kafungua nini, saa ngapi, na katokea ukurasa gani. Kesho akifungua ukurasa mwingine, wanamkumbuka.”

Bi. Ritha akavua miwani.

“Yaani wanasikiliza laini.”

“Ndiyo, mama.”

“Nani kawaomba?”

“Hakuna aliyewaomba.”

Ashrafu anasema kwamba hajapata kumwona amekasirika kabla ya siku ile wala baada yake. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama zipo njia za kukata laini hizo, na kama zipo, kwa nini hakuambiwa mapema. Ashrafu akamwonyesha faili dogo ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kwenda nje, kama mtu anavyofungua kitabu cha simu. Ukiliandika humo jina la mtangazaji, na pembeni yake ukaweka namba ya kompyuta yenyewe, mashine inajipigia, haimpati mtu, inaendelea na kazi yake. Bi. Ritha alielewa kabla hajamaliza kuelezwa. Akaanza na wale watano wa kimya, ingawa Ashrafu alimwambia hao hawali data nyingi. Akasema hao ndio wa kwanza, habari za data zitafuata.

Kufikia Jumatano jioni alikuwa ameingiza majina thelathini na moja kwenye kompyuta moja, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili. Alhamisi asubuhi alimwomba Mkuu wa Chuo aje, akaniomba na mimi. Alitukalisha mbele ya mashine mbili zinazofanana, moja aliyoirekebisha na moja ambayo hakuigusa, akatuambia tufungue ukurasa uleule kwa pamoja. Wa kwangu ulifunguka kabla dakika haijaisha, mweupe, maandishi matupu. Wa Mkuu ulichukua dakika saba kwa saa ya mkononi. Ulipofika ulikuwa na gari linalowakawaka na mwanasesere anayecheza pembeni.

“Huyu anayecheza ndiye anayetumalizia mgao?” akauliza Bi. Mwantum.

“Huyo ni mmoja wao,” akajibu Bi. Ritha. “Wengine hawaonekani. Majina yao yapo humu.” Akaweka kaunta buku mezani. “Humu kuna kila mtu aliyekaa kwenye mashine hizi tangu Jumatatu, na kila kilichoitwa. Ashrafu yumo. Aliyofungua ni masomo yake.”

Mkuu alisoma kurasa nne kimyakimya. Kisha akauliza, bila kuinua macho, ni nani hasa aliyesema Ashrafu anapakua filamu. Mimi nikatazama kibodi. Bi. Ritha akasema, “Hayo yalikuwa maneno ya chumba cha chai, Mkuu,” na akamwuliza kama aendelee na mashine nyingine kumi na moja. Akaruhusiwa.

Nilirudi ofisini nikaichana ile barua vipande vidogo. Nilipata nafuu. Nilikuwa nimekaribia kumnyang'anya kijana kazi kwa sababu ya mwanasesere anayecheza.

Mwezi uliofuata mgao ulitufikisha tarehe ishirini na tisa. Foleni nje ya chumba cha kompyuta ikapungua, na waliokuwa wakitoka walitoka na walichokifuata. Ashrafu alithibitishwa kazini Januari. Leo ndiye mkuu wa idara ya kompyuta.

Wasifu usiotaja kosa hauaminiki, na Bi. Ritha mwenyewe ameagiza kosa lake litajwe. Machi 2007, kwa ari ya kazi, alikata jina moja lililokuwa likibeba kitufe cha kutuma fomu. Wanachuo kumi na tisa walibofya asubuhi nzima bila fomu kwenda popote. Alipogundua, alisimama mbele yao wote akasema, “Kosa ni langu, si lenu wala si la dishi,” akalifuta jina lile, akawakalisha upya mmoja mmoja mpaka kila fomu ikaenda. Tangu siku hiyo hakukata jina lolote kabla ya kulijaribu siku mbili kwenye mashine yake.

Vilevile alisikiliza aliyempinga. Mwalimu Abraham wa somo la Kiingereza alimwambia kwamba wapo wenye tovuti wanaoishi kwa matangazo hayo, na sisi tunakula kwao bila kunawa. Bi. Ritha alilifikiria jambo hilo kwa juma zima. Mwishowe akakubali kuyaachia matangazo ya tovuti mbili za masomo ambazo wenyewe walikuwa wameomba hivyo kwa maandishi ya adabu kwenye kurasa zao na hawakuwa na picha za kucheza. Wale wasikilizaji wa laini hakuwaachia, hata kwa tovuti hizo.

Mwaka 2009 Ashrafu aliweka kwenye kompyuta zote programu ndogo ya kuzuia matangazo, inayojiongezea majina mapya yenyewe. Tulidhani Bi. Ritha ataumia kuona orodha yake ya majina mia nne na kitu imepitwa. Alisema afadhali, macho yamechoka.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya gazeti la chuo nilimwendea kumwuliza kama niitaje ile barua. Kwa miaka mitano hakuwahi kuigusia kwangu wala kwa mtu mwingine. Alikuwa anafunga masanduku. Akasema, “Yaliyopita kwenye simu siyasemi. Hiyo barua ni yako, mwalimu. Ukitaka isemwe, iseme mwenyewe. Ila anza na Ashrafu kabla hujaanza na gazeti.”

Nikaenda kwa Ashrafu Jumatano iliyopita. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka mezani. Kisha akasema, “Maneno ya filamu yalinifikia. Mimi nilidhani ni ya Mwalimu Abraham. Nimemnunia miaka mitano.” Tulikwenda pamoja kwa Abraham, ambaye alikuwa hajui kama amenuniwa, alidhani Ashrafu ni mtu wa maneno machache. Tulicheka, na Ashrafu akanipa mkono. Usiku huo nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Bi. Ritha anarudi Iramba, ambako alizeti yake inamsubiri na kuku wake, kwa maelezo yake mwenyewe, wanalelewa vibaya na mdogo wake. Hachukui kompyuta. Anasema akiwa na haja ya kujua jambo atapiga simu kwa Ashrafu.

Bi. Ritha, kwa niaba ya Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wafanyakazi na wanachuo, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotuunganisha, na kwa ile ambayo ulikata kilichotuchelewesha. Mimi binafsi nakushukuru kwa siku tatu ulizoniomba. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake, na wageni wanaobisha hodi kabla ya kuingia. Uishi vizuri, mama yetu.

Andrea Msengi
Makamu Mkuu wa Chuo