Noorbanu na Simu Alizokatazwa

Baada ya miaka kumi na tisa katika kitengo chetu cha utafiti, Bi Noorbanu anastaafu tarehe 30 Juni 2017. Yeye ni wa Mwanza, na mimi Valerian ninayeandika ni wa Bukoba, basi ukurasa huu ni wa Kiswahili. Wenzetu wengine wa hapa Toronto watatafsiriwa.

Kazi yake ilikuwa kutafuta watu wa kujaza madodoso na kuwatunza mpaka wamalize. Alikuja kwa basi kutoka Rexdale, pembezoni mwa jiji, na hata siku za theluji aliwatangulia wenye magari. Chai yake ya tangawizi imeokoa mikutano mingi.

Lakini hasa atakumbukwa kwa dodoso la Wakorea, mwaka 2011. Lilipima jinsi mtu mzima anavyotambua yaliyo moyoni mwake na mwa mwenzake, nasi tulitakiwa kuhakikisha kwamba toleo la Kikorea linapima kweli. Kila mtu alijaza mara mbili, zikipita wiki mbili katikati, na majibu yalipaswa kufanana. Wapi! Waliojua kila kitu mara ya kwanza, mara ya pili walisema hawajielewi. Profesa wetu alikuna kichwa, nasi tukakuna vyetu.

Kumbe Noorbanu alikuwa akiwapigia simu katikati ya wiki hizo. Hakugusia utafiti; aliwajulia hali tu, mama anaendeleaje, na wewe mwenyewe je. Kwetu huo ni uungwana. Kwa utafiti ilikuwa balaa, maana watu walianza kujitafakari.

Tukaanza upya na watu wengine. Profesa alimwahidi kwamba safari hii jina lake litakuwamo kwenye ripoti, kwa mara ya kwanza, ila akipiga simu hata moja jina hilo litaondolewa. Noorbanu alizunguka ofisini kama kuku anayetaka kutaga.

Ndipo mke wa Bwana Seo, mmoja wa waliojaza, akalazwa hospitalini. Kesho yake Noorbanu aliingia kwa profesa, hakukaa.

"Mtoe Bwana Seo kwenye hesabu," alisema. "Nimempigia."

Bwana Seo akaondolewa. Utafiti ulifaulu, ripoti ikatoka, jina la Noorbanu halimo. Mpaka leo tumechanganyikiwa: hatujui tumpe pole au hongera, na profesa mwenyewe ukimuuliza hubadilisha mazungumzo.

Bi Noorbanu, asante kwa yote. Ustaafu wako uwe wa heri na afya. Bwana Seo na mkewe wamesema watakuja kwenye hafla, na wameomba kukaa meza yako.